Sekunde Kumi za Injini Baridi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimeiona! Nyekundu, milango miwili, turbo, gia za mkono. Iko kwenye banda la Mzee Kosgei huko Elburgon, katikati ya mbao za cypress, imefunikwa turubai na vumbi la msumeno limejaa juu. Gari ya aina hii nimeitamani tangu kidato cha pili, nilipobandika picha yake ndani ya kifuniko cha sanduku. Leo nimeshika mlango wake. Nina miaka thelathini na nne na niliufungua na kuufunga mara tatu kama mtoto!

Mwenyewe ni Kiplimo, kijana wa mzee, aliyeenda Canada na hana mpango wa kurudi. Mzee Kosgei ni kaka ya mama yake Chepkirui. Na Chepkirui ndiye ninayetaka kuoa. Koito ni tarehe 23 – wazee wa pande mbili wakae, wapatane mahari – na upande wao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Mzee ameniambia mimi sasa ni mtoto wa nyumbani, ananiuzia kwa bei ya nyumbani. Sawa. Lakini hiyo bei ya nyumbani ni akiba yangu yote ya sacco. Miaka sita ya mshahara wa fundi wa maabara ya shule. Injini ikifa baada ya mwezi, sina gari na sina harusi.

Tulipofika ilikuwa tayari inanguruma. Tamu! Nimeiendesha hadi Njoro na kurudi, Chepkirui kando yangu akicheka vile ninavyobadilisha gia.

Jumapili, 3 Agosti

Nyongesa amenivunja moyo. Ni fundi, ana gereji hapa Nakuru, tumejuana tangu chuo. Nilimpelekea picha baada ya kanisa. Rangi hakuitazama hata. Akauliza kama niliiwasha mwenyewe ikiwa baridi. Nikasema niliikuta imewashwa. Akacheka, si kicheko kizuri.

"Boss, hiyo injini iko na ugonjwa moja kila fundi anajua. Cheni ya timing. Inalegea. Ukiwasha asubuhi ikiwa baridi, sekunde kumi za kwanza inapiga makelele, krrrr, alafu oil ikipanda inanyamaza. Ikishapata moto huwezi jua kitu. Lakini siku moja itaruka, valve zigonge piston. Hapo umebaki na chuma ya kuuza kwa kilo."

Kwa hivyo kazi ni ndogo. Niguse injini nione ni baridi, nifungue kifuniko cha oil, niwashe, nisikilize. Nisilipe hata shilingi kabla ya hapo. Nilitaka kumbeba Nyongesa hadi Elburgon. Chepkirui amekataa kwa simu, karibu alie. Eti kumpelekea mjomba fundi ni kumwita mwizi ndani ya boma lake.

Nitaenda peke yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Bure kabisa!

Nilipiga simu mapema kama mtu mwenye adabu. Kosa langu. Kufika, nikaweka mkono kwenye boneti – moto! Mzee Kosgei amesimama hapo kwa gumboots zake, anatabasamu.

"Nimekupashia," akasema. "Mgeni hapewi kitu baridi."

Nimsimamishe mzee kwa boma lake, nimwambie nataka kitu baridi? Nikasema asante mzee. Nikapewa ugali na mursik, maziwa yetu ya kuganda. Nikasifu ng'ombe. Nikazunguka gari mara nne nikipiga magurudumu teke, kitu ambacho hakimwambii mtu chochote. Kifuniko cha oil nilikifungua, ndani safi. Sauti safi. Kila kitu safi, na sijui lolote.

Njia yote hadi Nakuru nimejitukana.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo sikupiga simu. Nilimwambia Chepkirui peke yake. Saa moja asubuhi nilikuwa getini, mvua ya Mau inanyesha ile ya kuingia hadi kwa mifupa. Gari iko chini ya turubai. Kimya! Nikasema leo ni leo.

Mama Kiplimo, mke wa mzee, akanishika mkono. "Ai, Kibii! Na hii mvua? Gari itakimbia? Kwanza chai." Chai. Mayai mawili. Mkate. Halafu akasema tuombee safari yangu. Tukainamisha vichwa. Akaombea barabara, akaombea shule yetu, akaombea koito, akaombea watoto ambao hata hatujawapata.

Katikati ya watoto nikasikia gari ikiwaka nje.

Nilifungua jicho moja. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu! Mvua inapiga mabati kama mahindi yanamwagwa, sikuweza kusikia cheni wala nini. Nikahesabu: tano, kumi, ishirini, dakika. Nani hukatiza maombi ya mke wa mjomba? Si mimi. Amina ilipofika injini ilikuwa inanguruma tamu, na mzee anapangusa mikono kwa kitambaa.

Ananificha? Au ni roho safi tu? Mzee huyu huyu aliamka kunichumia parachichi nibebe. Naona haya kumshuku, na bado namshuku.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumekosana na Chepkirui. Tulikuwa hotelini, pale karibu na shule anayofundisha, wamefunga kwa likizo. Nilisema jambo moja tu – kwamba nataka kuisikia ikiwa baridi, mara moja, basi. Akaweka kikombe chini.

"Kwani unapima gari ama unapima watu wetu?"

Amenikumbusha vile mjomba alikuwa hanitaki mwanzoni. Eti mtu wa kuosha chupa za shule, hana hata ekari moja. Tangu nianze kuitaka gari, ndio ameanza kuniita mtoto. Nikionyesha simwamini, anasema, tarehe 23 kiti chake kitakaa bila mtu, na bila yeye wazee wengine hawatafungua mdomo. Hilo najua ni kweli. Hata kwetu, kaka ya mama akikataa, mambo yamesimama.

Nikamwambia, basi naomba tu ruhusa ya masikio yangu. Hakucheka. Aliuliza kama nimeshatoa pesa sacco. Baadaye akauliza tena.

Nampenda. Lakini nimechoka kuwa mtu pekee anayeuliza swali la kawaida.

Alhamisi, 14 Agosti

Mzee amepiga. Kuna mtu wa Molo anaitaka, anakuja Jumamosi mchana na pesa mkononi. Lakini mtoto wa nyumbani ndiye wa kwanza, akasema.

Huyo mtu wa Molo! Kila gari inayouzwa nchi hii ina mtu wa Molo. Nimesema nitalala huko kesho. Chepkirui atakuwepo. Hundi ya sacco iko ndani ya daftari hili. Nitaamka kabla ya kila mtu. Nimeweka alamu saa kumi na moja na nusu, simu chini ya mto.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya gari. Naandika ili nisipige kelele.

Saa kumi na moja na nusu niliamka, kwa chumba cha Kiplimo. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari, kando ya kalenda ya kanisa. Nikatoka na viatu mkononi, daftari kwapani. Nikaondoa turubai. Nikaweka kiganja kwenye boneti, nikaifungua, nikakiweka kwenye injini yenyewe. Baridi. Baridi ya Elburgon! Nilifurahi kama mjinga. Nikaingia, nikafunga mlango, nikawasha.

Krrrrrr.

Nilihesabu kwa sauti. Kumi ikapita haijanyamaza. Ilifika kumi na nne. Kelele ya kokoto ndani ya posho mill, kinu cha kusagia unga. Halafu oil ikapanda, na injini ikawa tamu kama siku ya kwanza. Nilikaa hapo nimeshika usukani. Sikukasirika hata. Nilihisi nafuu – sasa najua, sasa namwambia mzee hapana kwa heshima, mambo yaishe.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Nilidhani ni mzee. Hapana, ni Chepkirui, miguu mitupu kwenye matope, leso juu ya nguo ya kulala, anakimbia akipunga mikono.

"Zima! Kibii, zima! Ai, si nilimwambia uncle aiwashe kabla uamke!"

Nilizima.

Sasa amesimama nje ya kioo. Anajua alichosema. Nimebonyeza kufuli, sijui kwa nini – kwani ataingia kwa nguvu?

Nikamuuliza kupitia kioo, tangu lini. Akatazama chini. Tangu siku ya kwanza. Mzee alitaka kuniambia mwenyewe, pale bandani, kabla hata sijaigusa. Chepkirui ndiye alimsihi asiseme. Aliogopa kwamba ningejua ningeiacha, na nikiiacha mjomba angeniacha mimi pia. Basi kila nilipokuwa nakuja, yeye ndiye aliyekuwa akimpigia mzee aipashe moto. Ile ya mvua pia. Na hela zangu? Anasema tungeitengeneza polepole, tukishaoana.

Wiki mbili! Nimemshuku mzee wiki mbili, nikikwepa hata kumtazama machoni.

Anatetemeka. Midomo imekuwa ya kijivu. Anasema baridi itamuua, tuingie ndani, tutaongea tukishakunywa chai, mbele ya Mama Kiplimo, kwa utaratibu. Nimeteremsha kioo kidogo, upana wa vidole viwili. Nimemwambia hapana. Aniambie yote sasa hivi, hapo alipo, kabla ya chai. Amefunga leso vizuri. Amefungua mdomo, na Mzee Kosgei ametokea nyuma yake na gumboots, amemwekea koti lake mabegani na kumwambia, "Mwambie yote, mtoto wangu. Hata mimi nimechoka kuificha."