Amina ya Jikoni

Hara Kubwa,
Kisiwa cha Djerba,
Tunisia.
29 Novemba 1979

Mpendwa dada Ghazala,

Amani iwe nawe hapo Paris, na kwa shemeji Zakino pia. Macho yako yanaendeleaje? Na mgongo wa shemeji? Mimi mwili ni mzima, Mungu ashukuriwe. Moyo ndio sijui niuseme vipi.

Jirani yetu Kamuna huniletea kuskusi kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Wiki iliyopita alikuta sufuria ya Ijumaa ya nyuma haijaguswa, akanifokea, "We Makhlufu, umekonda hivi, unataka kumfuata mkeo kwa miguu?" Nilicheka, dada, nikashangaa kujisikia nacheka.

Sasa habari yenyewe, na usikasirike kabla hujafika mwisho. Lile gombo la Taurati mlilonipa niliandike kwa kumkumbuka baba, ambalo lilikuwa lifike kwenu kwa sikukuu ya Hanuka, haliji.

Kazi yetu unaijua tangu enzi za baba. Mwandishi akifika kwenye Jina la Mungu husimamisha kalamu, akatamka kwa mdomo kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wake, ndipo aandike. Mimi nilikuwa natamka pale dirishani, na Mesauda wangu, akimenya vitunguu jikoni, ananiitikia "Amina!" Miaka thelathini na moja. Siku nyingine niliisubiri ile Amina kuliko chakula.

Alipofariki baada ya Pasaka, nilimaliza siku za msiba nikarudi kazini. Nikatamka, jikoni kimya. Kesho yake vilevile. Niliona aibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nikaacha kutamka, mkono ukaendelea wenyewe. Ngozi kumi na nne za gombo hilo, Jina mara mamia, na ndani yangu hamna kitu. Neno pekee nililoliandika kwa hamu ni Amaleki, jina la adui yetu wa kale, lile tunalojaribia kalamu kila asubuhi kisha tunalikata kwa wino. Huyo nilimkata kwelikweli.

Hakuna ambaye angejua. Kila nilipofikiria kusema, nilikumbuka barua yako, kwamba daktari anayapa macho yako hadi kiangazi tu. Nilitaka ulione gombo la baba. Nilishalifunga, dada. Nilishaandika anwani yako.

Jumapili nililifungua, nikampelekea Rabi Sasi. Akaanza kusifu.

"Herufi zimenyooka hizi! Marehemu baba yako angekuonea wivu."

"Sikutamka, Rabi."

"Hukutamka wapi?"

"Kote, tangu Mesauda aondoke."

Alikaa chini, mzee wa watu. "Ah, Makhlufu. Si ungeniambia? Ningekuja nikae hapo jikoni nikuitikie mwenyewe."

Jina lililoandikwa bila kutamkwa ni batili, na Jina halifutwi wala halipitiwi tena juu yake. Jana tumezizika zile ngozi makaburini, kama mtu. Nililia kuliko nilivyolia msibani. Njiani nilimwambia Rabi nitaanza tena furaha ikinirudia.

"Utaingoja mpaka uote mvi za kope," akasema. "We kaa, tamka, andika. Ikija, ikukute kazini."

Leo asubuhi nimeketi na ngozi moja tupu iliyobaki. Nimetamka, nikaishia katikati, nikatamka tena. Furaha haikuja, nisikudanganye. Lakini lile Jina moja nimeliandika mimi.

Ngozi nyingine bado kuandaliwa, na sasa naenda polepole. Kiangazi kitapita gombo halijakamilika, na huenda usilione. Nimekunyima kitu ambacho siwezi kukulipa. Nisamehe, dada yangu.

Nisalimie shemeji, mwanao Yosefu na mkewe Aziza. Kile kitambaa cha hariri ulichokuwa unadarizia gombo, usikiweke kando. Mungu aangaze nyumba yako, na akuachie nuru ya macho muda wote atakaoridhia.

Nina ombi moja tu. Kila siku saa nne asubuhi, isipokuwa Sabato na sikukuu, nitakuwa dirishani na kalamu mkononi. Hapo ulipo jikoni, Ghazala, sema Amina. Sitaisikia. Nitatua kidogo, kisha nitaandika.

Ndugu yako akupendaye, anayekusubiri saa nne,

Makhlufu