Kizibo Kutoka Angani

Alhamisi, 2 Septemba 1999

Nguo za kufua bado ziko karaini. Nitaandika hivyo hivyo.

Nilikuwa nafua asubuhi. Nikasikia mlio. Si ndege. Si radi, maana mawingu tumeyasahau huku Mbeere. Kama mtu anachana shuka kubwa kutoka juu hadi chini. Halafu kishindo! Mbuzi wakaruka ua. Mimi nikajikuta nimelala kifudifudi, uso ndani ya karai la nguo.

Nilipoinuka, paa la kisima halikuwepo. Mabati yamekunjamana kama karatasi ya sukari. Nikasogea polepole huku naomba. Na ndani ya mdomo wa kisima — mpira wa chuma! Mweusi, umeungua, na nyuzinyuzi kama ndevu za mahindi. Una shingo fupi ya bomba upande wa juu. Umebana pale kama kizibo cha chupa. Hauingii, hautoki.

Jirani yangu Alice amekuja mbio kutoka ng'ambo ya shamba. Akautazama, akanitazama mimi.

"Mama Karimi, ni bomu?"

Nikamwambia lingekuwa bomu tungekuwa tumeshakufa. Akafikiri kidogo.

"Na kama bado?"

Tumeshinda nyuma ya ghala.

Kisima hiki tulikichimba sisi wenyewe, wanawake wa kikundi, kwa jembe na ndoo, mimi nikiwa na mimba ya mtoto wangu aliyefariki. Hakuna kingine karibu. Kuna mto Ena tu, na huo ni mwendo wa nusu siku kushuka na kupanda.

Ijumaa, 3 Septemba

Serikali imefika. Chifu mbele, DO nyuma, na askari mmoja wa AP, polisi wa utawala, na bunduki yake.

DO, mkuu wa tarafa yetu, ni Bwana Muchangi. Shati lina mikunjo ya pasi inayoweza kukata mkate. Amezunguka kisima mara kadhaa, mikono nyuma. Swali lake la kwanza: kitu hiki kilipewa kibali na nani kutua hapa?

Nimesema sijui. Hakikubisha hodi.

Akatangaza kwa sauti ya baraza, na tulikuwa watu wanane tu, kwamba kila kinachotoka angani ni mali ya serikali.

"Na mvua, mheshimiwa?" Alice akauliza.

"Hata mvua. Lakini hiyo tunawaachia."

Wamepigilia kibao: MALI YA SERIKALI. USIGUSE. Nimeuliza, na maji? Akasema maji ni yetu kabisa, hakuna anayetunyang'anya. Kilicho juu ya maji ndicho cha serikali.

Wakaenda. Askari ameachwa alinde. Anaitwa Munyi, kijana wa Runyenjes, mpole. Jambo la kwanza aliloniomba ni maji ya chai.

Jumapili, 5 Septemba

Mume wangu, baba Karimi, amekuja kutoka Embu. Ana chumba pale mtaa wa Dallas, na kazi yake ni karani katika ofisi ya maji. Nimemngoja kama ukombozi.

Kumbe amefurahi! Ofisini wote wanamsalimia sasa. Hata mkubwa wake amemwita kwa jina, "Nyamu wa setilaiti."

Nikamwambia, baba, ninyi ndio Wizara ya Maji. Leteni winchi mtoe hiki kitu. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Wizara yake inashughulika na maji. Hiki ni chuma. Chuma kina wizara yake.

"Ipi?"

"Haijajulikana."

Jumanne, 7 Septemba

Mtoni. Punda amegoma mara mbili. Mimi mara moja.

Nimerudi na mitungi minne ya maji ya matope. Munyi ameoga kwa nusu mtungi — anasema ni amri, askari lazima awe msafi mbele ya mali ya serikali.

Alhamisi, 9 Septemba

Leo gari jeupe. Akashuka loya, wakili wa kampuni moja, suti na viatu vya ncha. Jina Kiogora, mzaliwa wa Mikinduri. Alinisalimia kwa Kimeru, mimi nikajibu kwa Kimbeere, tukaelewana vizuri. Nikamwambia binti yangu Karimi anasoma huko kwao, shule ya Kaaga, na akafurahi kana kwamba ni yeye aliyempeleka. Mtu mzuri, ukimtoa kwenye kazi yake.

Amesema mpira ni tangi la gesi la roketi. Roketi ilipandisha setilaiti za simu, za kampuni moja ya Ulaya. Si serikali! Kampuni ya watu binafsi. Setilaiti zikabaki juu, tangi likazungukazunguka huko miaka miwili, mpaka likachoka likaja kwangu.

DO aliitwa akaja mbio. Wakasimama pande mbili za kisima. Sijaona majogoo kama hao.

DO: anga ni ya serikali. Mtu hawezi kwenda huko na biashara yake kama anaenda kufungua kioski.

Loya: mheshimiwa, hayo yalikuwa zamani. Serikali zilikwenda kuonyeshana ubabe, zikapiga picha, zikarudi. Siku hizi kazi ya juu inafanywa na kampuni. Serikali inatoa leseni tu.

"Anayetoa leseni ndiye mwenye nyumba!"

"Anayelipa kodi ya nyumba je?"

Wakaenda hivyo mpaka jua likawa kali. Mwishowe loya akabandika karatasi yake ya kung'aa kwenye mpira: MALI YA KAMPUNI. Akainama sana, tai ikaingia kisimani. Munyi hakujua kama huko ni kugusa. Akamwangalia DO, DO akaangalia milima.

Nikauliza, kati yenu nani anautoa? Wote wawili walisema kwa pamoja: "Sisi!" Halafu wakapanda magari yao.

Jumamosi, 11 Septemba

Watu wanakuja kutazama kama maonyesho ya kilimo. Mmoja alitaka kupigwa picha na mbuzi wangu.

Tumegombana na baba Karimi wakati wa kula. Yeye yuko upande wa serikali. Anasema serikali ndiyo iliyofika mwezini, kampuni inajua kuuza tu, haiwezi kufanya jambo lisilo na faida.

"Serikali gani ilifika mwezini? Hii yetu?"

"Serikali kwa jumla."

Nikacheka mpaka muthokoi wa mahindi ukanipalia. Yeye hakucheka. Baadaye akasema, bila kuniangalia, kwamba wanapunguza watu ofisini. Majina yanasomwa kila mwezi. DO amempigia mkubwa wake simu, amwambie Nyamu amtulize mkewe.

Basi. Ndiyo maana anaipenda serikali hivyo. Nimemwongezea chakula.

Jumatano, 15 Septemba

Maajabu ya leo! Lazima niyaandike kabla sijadhani niliota.

DO na loya wamekuja pamoja kupima mpira. Kila mtu na futi yake. DO alipata kipimo kikubwa kidogo, akaonekana kuridhika.

Nikavaa leso safi, nikawaletea viti. Nikasema kwa heshima: wazee wangu, nimefurahi mali hii ina wenyewe wawili. Sasa naomba mwenye mali anitengenezee kisima, paa, na ukuta wa ndani uliopasuka. Na kikundi changu kimepoteza wiki mbili mtoni.

Ukasikia mbuzi wakicheua.

Loya ndiye aliyeanza kukohoa. Kuna mkataba wa mataifa, akasema. Mambo ya angani yakiharibu kitu duniani, inayowajibika ni serikali. Si kampuni. Kampuni ni mtoto, serikali ni mzazi.

DO akaruka! "Serikali ipi? Yetu haijarusha hata tiara!"

"Mheshimiwa ulisema ni mali yenu."

"Nilisema ni mali. Sikusema ni kosa."

Loya akasema hata mali yenyewe, akikumbuka vizuri, kampuni ilishaifuta vitabuni siku gesi ilipokwisha. Akainama tena — safari hii ameshika tai — akabandua karatasi yake kwa ukucha. DO akamwambia chifu ang'oe kibao. Chifu alikibeba begani mpaka kwenye gari.

Wakaondoka. Munyi amebaki.

Nikamwambia, mwanangu, sasa si mali ya mtu, tuondolee tuchote maji. Akajikuna chini ya kofia. Amri yake haijafutwa. Aliambiwa isiguswe.

"Isiguswe mali ya nani?"

"Hilo sikuambiwa, mami."

Ijumaa, 17 Septemba

Mtoto wa mwisho wa Alice anaharisha tangu jana. Haachi. Ni maji ya mto.

Jumapili, 19 Septemba

Amelazwa Embu. Homa ya matumbo. Nimemwona: macho yameingia ndani, midomo imepasuka, na bado ananiuliza kama mbuzi wameacha kuogopa. Alice hajalia. Ananyoosha shuka, analinyoosha tena. Dada yake amekuja kukaa naye wodini ili Alice arudi kwa watoto wake wengine.

Njiani kurudi nikasema Jumanne tunautoa. Alice akasema ng'ombe wake wawili watavuta. Ndivyo tulivyofanya mkutano wa kikundi.

Nyumbani nikamwambia baba Karimi. Nikamwambia, rudi Embu leo, ukiulizwa hukujua. Akasimama mlangoni. Ni mtu wa faili, mume wangu. Tangu tuoane sijamwona akiruka hata foleni ya posta.

"Nitafutwa kazi," akasema.

"Najua."

Akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka juu ya kabati. Akauliza kamba iko wapi.

Jumanne, 21 Septemba

Naandika nikiwa nimeketi hapa hapa kisimani. Sitoki. Nikitoka watasema nimeacha.

Asubuhi wanawake wote wamekuja. Baba Karimi amesimika miti miwili ya panda na gogo juu yake. Tukaleta ng'ombe. Munyi akasimama, bunduki mkononi, jasho puani. Amri ni amri, mami, mpira usiguswe na mtu.

Alice akamwambia hakuna mtu atakayegusa. Itakayogusa ni kamba.

Munyi akawaza. Nilimwona akiwaza, uso wote ulifanya kazi. Halafu akachukua kiti chake, akakigeuzia barabarani, akaketi kutulinda na adui anayetoka huko.

Baba Karimi akatupa kitanzi kwenye shingo ya bomba. Mara ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu kikakaa! Ng'ombe wakavuta. Kamba ikalia. Mawe mawili yakaanguka. Tukawa tunaimba wimbo wa kanisa, lakini kila mtu wake. Kisha — pop! — kama soda. Mpira ukaruka juu, ukaning'inia chini ya gogo, futi mbili hivi juu ya mdomo wa kisima, unazunguka pole pole. Na harufu ya maji ikapanda. Nani alijua maji yana harufu?

Kabla hatujausukuma kando, magari mawili! DO na loya, vumbi moja.

"Simameni hapo hapo!" DO amepiga kelele. "Hakuna kwenda juu, hakuna kwenda chini!"

Tukiusukuma kando, anasema, utakuwa umetolewa kwenye tarafa yake bila kibali. Tukiurudisha chini, amesema loya, kisima kitakuwa kimeharibiwa mara ya pili, na hiyo ya pili haimo katika mkataba wowote. Kwa hiyo unaning'inia. Ng'ombe wamesimama, miguu inatetemeka. Baba Karimi ameshika mwisho wa kamba, ameizungusha kiunoni.

Wawili hao wakaenda nyuma ya gari jeupe kunong'ona. Waliporudi walikuwa marafiki. Walikuwa wanatabasamu!

Wamepata mwenyewe. Ni mimi.

Loya amenisomea karatasi, wino bado mbichi: "Mimi Wambeti wa Nyamu nakubali kuwa chombo hiki cha angani ni changu, tangu kilipoondoka ardhini."

"Tangu kilipoondoka?" nikauliza. "Kwa hiyo ni mimi niliyekirusha?"

"Kisheria tu, mama."

DO akasema ni heshima. Wilaya nzima haijawahi kuwa na mwananchi mwenye chombo cha angani. Na mwenye chombo anaweza kukiweka popote, hata sasa hivi. Atie sahihi tu.

"Na kisima?"

Loya akasema mtu hawezi kujishtaki mwenyewe.

"Na kikiwa na ndugu zake huko juu, wanaokuja?"

Akafunga kalamu, akafungua. DO aliangalia juu kidogo, halafu akavaa kofia.

Nimesema nataka nifikiri, na mimi nafikiri kwa kuandika. Ndiyo maana natoa shajara hii mbele yao. DO anauliza naandika nini. Nimemwambia namalizia historia ya chombo changu.

Baba Karimi ananitazama. Hajanionyesha kwa kichwa ndiyo wala hapana. Viganja vyake vimeanza kutoa damu.

Alice hakungoja karatasi. Ameipitisha ndoo ya kamba chini ya mpira, polepole, mkono ndani mpaka begani. Tumesikia ikigonga maji. Hata Munyi amegeuza shingo. Ndoo imepanda. Maji meupe, baridi, yanamwagika ukingoni. Amejaza chupa ya mtoto kwanza, ya kupeleka Embu, akaifunga vizuri na kuitia kifuani.

DO ndiye wa kwanza kuomba kikombe. Loya wa pili.

Alice ananiuliza: mwenye mali, niwape?

Ng'ombe wa kushoto amepiga hatua moja nyuma, na mpira umeshuka kidogo.