Hakuna Miiba Kuala Lumpur

Walaal Abdi, ndugu yangu, salaam aleikum kutoka kwenye mvua ya kila alasiri.

Leo sisi walimu tuliokuja kozi tumetembezwa kwenye uwanja mpya wa mpira. Viti vyake vinawatosha watu wote wa Garissa, na mbuzi wao wakapata pa kulala. Mama anayetembeza wageni akaturuhusu kukanyaga nyasi ukingoni tu. Kabla sijajijua nimeinama, naenda polepole, macho chini. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia kwetu wachezaji hujipanga mstari kabla ya mechi, kila mtu na kipande chake cha uwanja, wakaokota miiba mchangani. Hakucheka. Alivua viatu, tukatafuta pamoja mpaka kwenye goli, na hatukupata hata mmoja.

Nikakumbuka mguu wako. Ule mwiba uliokuchoma ulikuwa kwenye kipande changu. Siku ile nilikuwa napiga soga badala ya kuangalia chini, na sijawahi kukuambia.

Nisamehe, walaal. Mungu akuponye, na hooyo, mama yetu, msalimie sana. Nikirudi, kipande chako nitaokota mimi, wewe kaa kivulini.

Ndugu yako, Hassan