Kwa Naliaka, Wanayemwita Mateka wa Jini

Dada yangu Naliaka,

Nimekasirika. Huwa nikikasirika nanyamaza, unajua, na wewe ndiye ulikuwa ukinisemea. Safari hii nakuandikia wewe, lakini barua naiacha wazi. Aisome yeyote, hasa wale wanaoenda Mombasa Ndogo siku za Jumapili.

Unakumbuka tulivyopacheka mahali pale? Mwenye shamba kule upande wa Ngoliba alichota mchanga katikati ya mto, akautandaza ukingoni, akasimamisha miavuli ya nyasi na kuandika jina kwenye ubao. Ukasema, "Mombasa gani hii maji yake hayana chumvi?" Wiki iliyofuata ukanivuta twende. Tulikaa kwenye mchanga ule kama watalii, wewe na gauni la kijani uliloshonewa na Senge, shangazi yetu, tukila mahindi choma. Mhudumu aliponiuliza nakunywa nini, nikaangalia miguu yangu. Ukamwambia, "Huyu ana ofisi, na ofisi yake ni mimi. Mletee soda nyeusi." Nilicheka hadi mahindi yakanipalia.

Ulikuwa umemaliza Kidato cha Nne, kama mimi sasa.

Mara ya mwisho ulienda na wenzako wa kwaya. Palikuwa na kamba iliyoonyesha mahali ambapo maji mafupi yanaishia, na siku hiyo haikuwepo. Mwenye mahali alisema mwenyewe, mbele ya polisi, kwamba aliitoa kwa sababu wateja walilalamika inaharibu picha. Maji yalikuwa magotini mwako, ukapiga hatua, yakakufunika. Pale ulipozama ndipo ulipochotwa mchanga ule tuliokalia. Hakuna muujiza hapo. Ni shimo, na lina mwenyewe aliyelichimba.

Kuna jambo hukuliona, kwa hiyo nakusimulia. Kabla ya kukupeleka Bungoma kukuzika, Senge alisema huwezi kuachwa mtoni. Kwetu mtu akifia majini, mwili husafirishwa lakini roho yake lazima ifuatwe na kuitwa palepale. Basi Mama na Senge wakaenda alfajiri, ukungu ukiwa juu ya maji. Mama alisimama ukingoni na leso yake nyekundu akakuita kwa Kibukusu, jina lako, akikwambia njoo twende nyumbani. Aliita hadi sauti ikakwama. Kisha akachota tope kidogo, akalifunga kwenye pindo la leso, akaondoka. Ukishaita hivyo huangalii nyuma, wala huongei na mtu njiani, usije ukakatiza safari ya yule unayemleta. Hakusema neno kutoka mtoni hadi Kamenu tunakoishi, wala kutoka Kamenu hadi Bungoma. Tulipoingia lango la Kuka, babu yetu, ndipo akafungua mdomo. "Tumefika," akasema, na akalala kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Alilala, Naliaka. Hilo ndilo walilomnyang'anya.

Majuzi alirudi kutoka kiwandani, akaketi bila kuvua viatu, mkoba mapajani. Wenzake, ambao hawajui wewe ni mtoto wake, walikuwa wakipiga domo wakati wa chai kuhusu msichana wa kwaya aliyezama Mombasa Ndogo, kwamba bado yumo majini, ameshikwa, hawezi kutoka. Mama akanitazama kama mimi ndiye mkubwa.

"Kwani hakunifuata?" akauliza.

Akaanza kusema lazima arudi kuita tena, kwamba labda alitamka vibaya, labda aliguna njiani bila kujua. Tangu siku hiyo nikawa namsikia akigeuka kitandani.

Basi nikatafuta hadithi yenyewe kwenye simu. Nikaikuta. Kijana mmoja wa pale, ameshika kipaza sauti, anawatembeza wageni ukingoni. "Wasee, ukisikia jina lako likiitwa kutoka kwa maji, usiitike! Kuna mwanamke wa ukungu. Soja wa langoni alimwona alfajiri na macho yake. Amefunga kitu nyekundu, anaita watu kwa lugha ya majini. Soja akamsalimia, 'Habari ya asubuhi, mama?' Kimya! Akapita kama upepo, hata nyuma hakuangalia. Ule msichana wa kwaya aliitwa, akaitika. Sasa wako pamoja huko chini." Wageni wakapiga mayowe ya raha. Mmoja akasema, "Ngai! Mimi hapa siogi."

Lugha ya majini! Kibukusu!

Walimsikia mama mzima akimlilia mtoto wake, na hakuna aliyefikiria ni mama. Na ona jinsi hadithi inavyomfaa yule mwenye mahali. Ukiitwa na jini, nani atauliza kamba iko wapi?

Nilimwonyesha Mama. Aliitazama hadi mwisho, akairudisha, akaitazama tena.

"Nekesa," akasema polepole, "huyu jini ni mimi?"

"Ni wewe, Mama."

Akacheka, na kicheko hakikukawia kugeuka hasira. "Mimi nimshike mtoto wangu chini ya maji? Mimi?" Akainuka. "Jumapili hatuendi kanisani. Tunaenda kuonekana."

Tulienda mchana, watu wamejaa, kachumbari na nyama kila mwavuli. Mama alikuwa na leso ileile. Tukajiunga na kundi la yule kijana.

"Karibu, mathe," akamwambia. "Usiogope lakini."

Akasimulia yote. Alipomaliza, Mama akamwuliza, "Ule wekundu ulifanana na huu?"

Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mama hakucheka. Akamwita soja aliyekuwa langoni, mzee mwenye koti kubwa. "Baba, ulinisalimia nikakupita. Nisamehe. Nilikuwa nampeleka mtoto wangu nyumbani, na kwetu huongei hadi ufike. Tulifika."

Yule mzee akavua kofia. "Haki ya Mungu, mama," akasema, "mimi nilisema tu nimeona mama hajibu salamu. Hayo ya majini waliongeza wao."

Kijana akaanza, "Lakini mathe, hii ni stori tu, watu wafurahie..."

Hapo nikasikia sauti, kumbe ni yangu. Ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Anaitwa Naliaka. Hakuitwa na mtu. Aliingia kwenye shimo mlimotoa mchanga huu. Kamba iko wapi?"

Mwanamke mmoja akaingia majini na viatu vyake, akawatoa watoto wake kwa mikono. Wengine wakafuata. Mwenye mahali akaja mbio, akaniambia ninamharibia biashara.

Nikamwambia, "Ndiyo."

Ungefikiri yameisha hapo. Jioni hiyohiyo mtu alikuwa ameshatuma video yetu, na juu yake ameandika: Jini wa Mombasa Ndogo Aonekana Mchana. Bado nina hasira, Naliaka, sitakudanganya. Nina hasira kwamba kufa kwako kumekuwa tamasha la watu wanaosubiri nyama iive. Nina hasira kwamba mto unatazamwa kwa hofu huku yule aliyeuchimba akitazamwa kwa heshima. Nilipita pale jana. Kamba haijarudi.

Lakini Mama analala. Aliona ile video ya pili, akasema wamempiga picha upande mbaya, akazima taa. Asubuhi aliniambia tutakuwa tunaenda kila Jumapili baada ya ibada, tukae ukingoni pale wanapoingilia majini, tumwambie kila mtu shimo liko wapi. Nimekubali.

Kwa hiyo usisumbuke na watakayosema. Wewe kaa nyumbani, kwa Kuka. Mtoni tutakaa sisi.

Mdogo wako,
Nekesa