Miche Elfu Mbili na Mitatu

Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika

Kaka yangu Mbaruku,

Nakusalimu wewe na wote waliomo nyumbani. Mguu wa mama umepoa? Mimi mzima, homa imeniacha tangu mwandamo wa mwezi, na kazi ya ukarani naiendesha. Mvua imezidi huku, nguo hazikauki.

Nina habari moja, nakuandikia kama ilivyokuwa.

Bwana Shamba, Mdachi, alileta miche ya michikichi kutoka Kizuka, tukaihesabu: elfu mbili na mitatu. Akaagiza ipandwe kwa safu zilizo sawa, usibaki hata mmoja. Msimamizi wa wapandaji ni Ramazani, Mmanyema wa makamo, jirani yangu. Akapanda na kung'oa mara tatu, na kila mara safu ya mwisho inapungua. Bwana akasema huo ni ukaidi. Viboko ishirini na tano, adhuhuri.

"Karani, mimi sikukataa kazi," Ramazani aliniambia. "Ni hesabu ndiyo inakataa. Umuambie muzungu."

Nikaenda. Bwana akanicheka, namba kubwa kiasi hicho itakosaje kugawika? Nikimwonyesha kwa karatasi kabla ya adhuhuri, atamwachia.

Nikaketi. Kwa mbili unabaki mmoja, kwa tatu miwili. Kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kote unabaki mmoja, na nakiri nilipendezwa. Nilipofika arobaini na tatu, jua lilikuwa bado halijafika utosini. Ilionekana ni namba tasa, haikubali ila safu moja tu, ndefu ya kuelekea Gitaza. Lakini nikataka uhakika. Nikaendelea na arobaini na saba, hamsini na tatu, nikapita mia. Nilikuwa kwenye mia na tatu niliposikia mtu nje anahesabu kwa sauti. Alikuwa amefika tisa.

Nikatoka mbio. Bwana alisoma taratibu, akasema kweli, haigawiki, waache. Walikuwa wamefika kumi na tisa.

Jioni nikaitazama tena karatasi. Arobaini na tano mara arobaini na tano yapita elfu mbili na tatu. Basi safu zikizidi arobaini na nne, miche ya kila safu lazima iwe michache kuliko hapo, na hesabu zote za chini nilishazijaribu. Baada ya arobaini na tatu hapakuwa na kazi iliyobaki. Naona haya, kaka.

Ramazani hajui. Anawaambia watu karani amemwokoa viboko sita, na kila Ijumaa mkewe ananiletea ndagala wakavu, dagaa wa ziwani. Nawapokea.

Nisalimie mama, shemeji, na shangazi msusi wa mikeka. Mwalimu wetu wa hesabu mpe mkono wangu, ila barua hii usimsomee.

Ramazani ameketi hapa mlangoni, kusoma hajui. Anakusalimu, na anataka niandike kwamba una ndugu mwema. Nimeandika.

Mdogo wako,
Athumani