Wifi Anataka Nimwombe Radhi kwa Majora Yaliyomwangukia Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijasema neno nitakalolijutia. Mimi hushona mablanketi ya viraka, na wifi yangu ana duka la vitambaa, duka lililojaa hata ukitaka kutoka lazima urudi kinyumenyume, majora yamepandana hadi darini, mengine yamelala mlangoni, nami nimemwambia mara ngapi, "Wifi, punguza mzigo, utaumiza mtu," naye hunijibu, "Wateja wanapenda kuona mali." Wiki iliyopita nilikwenda na mama mkwe, akaketi kwenye kigoda katikati ya marundo maana hakukuwa na pengine, mimi nikaona kitambaa cha bluu chenye vitone nilichokitafuta miezi mitatu, kiko chini kabisa, nikakiomba, wifi akasema bila hata kuinuka, "Si uvute tu!" Nikavuta. Rundo zima likamwangukia mama, akavunjika mkono, nikawa nayafukua majora huku namsikia analia, na unajua wifi alisema nini? "Tazama ulivyonichafulia hariri!" Sasa wifi anamwambia kila mteja mimi ndiye niliyemvunja mama yake mkono, na mume wangu ananisihi niombe radhi yaishe. Mshauri, niombe radhi kwa lipi?

Mshona Viraka

Mshona Viraka, pole. Mtu anayelilia hariri na mama yake yuko chini ya rundo anastahili kuambiwa ukweli. Lakini nawe usijifanye malaika! Ulijua duka lile ni hatari, ukamwona mama ameketi pale, halafu macho yakakutoka kwa vitone, ukavuta. Ungemwambia, "Mama, hebu simama kidogo," ungepungukiwa nini?

Barua yako nimeisoma mara mbili, sijaona mahali ulipompa mama pole. Anza hapo, leo hii. Nenda peke yako, mfulie, mpikie, mwambie, "Mama, nilikosa, sikuangalia." Ishia hapo, wifi usimtaje.

Kwa wifi, usiombe radhi ya uongo ili mumeo apumue. Huyo ni dada yake, akamkabili yeye: majora yashuke, njia ionekane, kabla hajaumia mwingine. Wifi akikubali, nenda ukasaidie kubeba. Akikataa, vitambaa vipo madukani kwingine.

Na msimvute mama achague upande. Amebaki na mkono mmoja wa kujilishia. Msimwongezee kazi ya kuwaamua.