Matumizi ya baada ya magharibi

Alhamisi, baada ya isha

Nimenuna siku nzima bure. Nilikuwa nahamisha kumbukumbu za matumizi kutoka faili la zamani la Salim, mume wangu, kwenda faili letu jipya, ambalo tayari lina miamala ya simu. Mengine yakaingia mara mbili, na pesa za mabati zikaonekana pungufu. Nikamuuliza kazipeleka wapi!

Kumbe yaliyojirudia yote ni ya baada ya magharibi. Ya usiku kama huu simu inayaweka Alhamisi. Salim, jua likishazama, anaandika Ijumaa, kama walivyomlea kwao Pujini. Kwa kuwa tarehe ni mbili, faili likadhani ni matumizi mawili tofauti.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza tarehe, mke wangu. Umeniuliza pesa."

Kesho nitafuta yaliyozidi. Mabati tutanunua, inshallah.

Hapo juu nimeandika Alhamisi. Basi, kwa ajili yake, huu ni usiku wa Ijumaa.